Nani azoe taka za kata: wakala anayetoza kaya, mkandarasi anayelipwa na halmashauri, au kikundi cha mtaa?

Kabla hujaingia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kuandaa zabuni ya uzoaji taka, chukua karatasi upige hesabu ya kata moja. Tuseme kata ya mjini yenye watu 20,000. Mtu mmoja akitoa nusu kilo ya taka kwa siku, kata nzima inatoa tani 10. Gari likizoa siku sita kwa wiki, kila siku ya kazi inabeba karibu tani 12. Lori linaloitwa la tani 7 huwa na bodi la mita za ujazo 8 hadi 10. Taka zetu nyingi ni maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya chakula na mchanga wa kufagia uwanja, na mita moja ya ujazo ina kilo 300 hadi 400. Kwa hiyo lori likijaa mpaka juu linabeba tani 3 na ushei, wala si 7. Hapo una tripu 4 kila siku, tripu 104 kwa mwezi wa siku 26.

Sasa weka dampo mahali pake. Likiwa kilomita 30, kwenda na kurudi ni 60, ongeza 15 za kuzunguka mitaani: kilomita 75 kwa tripu. Lori linalokula lita moja kwa kilomita 3 litamaliza lita 25. Kwa tripu 104 ni lita 2,600, na ukiweka dizeli sh 2,800 kwa lita unapata sh milioni 7.28, mafuta peke yake. Kata hiyo ina kaya kama 5,000. Ada ikiwa sh 2,000 kwa mwezi na kila kaya ikalipa, zinaingia sh milioni 10. Wakilipa sita kati ya kumi, zinaingia milioni 6, na mafuta yameshakula zaidi ya hapo. Bado dereva, wapakiaji, matairi na springi.

Hamisha dampo liwe kilomita 8. Tripu inakuwa kilomita 31, lita 10 na kidogo, na mafuta ya mwezi yanashuka hadi kama sh milioni 3. Kata ni ileile na ada ni ileile, lakini biashara imebadilika.

Ndiyo maana mkataba uliofanya vizuri halmashauri jirani ukiunakili unaweza kukwama kwako. Aina zote za mikataba hapa chini ni halali na zote zinatumika nchini. Kinachozitofautisha ni nani anabeba hasara ya kaya isiyolipa, na mwenye kubeba hasara hiyo ndiye atakayeamua mtaa upi gari lifike na upi lisifike, hata mkataba uandike nini.

Wakala anayezoa na kutoza mwenyewe

Hapa halmashauri inampa mtu eneo, yeye anazoa na anakusanya ada nyumba kwa nyumba. Mapato ndiyo malipo yake, au anaipa halmashauri sehemu yake. Dar es Salaam ilianza njia ya kubinafsisha uzoaji mwaka 1994, ilipoipa kampuni moja kata 10 za katikati ya jiji. Baadaye maeneo yaligawanywa kwa kampuni nyingi na vikundi vya jamii, na mpango huo ndio uliozaa utaratibu unaoonekana leo kwenye miji mingi.

Uzuri wake ni kwamba halmashauri haitoi hela mfukoni. Kwa mkurugenzi ambaye mapato ya ndani hayatoshi, hoja hiyo inamaliza mjadala kabla haujaanza. Na isimalize. Wakala asiyelipwa na kaya za bondeni hapigi kelele. Anapunguza tripu kimyakimya. Wiki ya kwanza gari linapita mara mbili, mwezi wa tatu mara moja, mwezi wa sita linapita barabara ya lami tu, kwenye maduka na nyumba za geti. Kaya zilizorukwa zinaacha kulipa, na huwezi kuzilaumu, basi makusanyo yanashuka tena. Msimu wa mvua viroba vinaelekea mtaroni.

Ukichagua njia hii, mambo matatu ndiyo yanayoamua.

La kwanza ni mpaka wa eneo. Usigawe kata kwa urahisi wa ramani. Kila fungu la zabuni liwe na mitaa inayolipa na mitaa isiyolipa pamoja: soko dogo, baa, gereji na nyumba za wageni ziwe kwenye fungu moja na uswahilini. Baa inayolipa sh 30,000 inabeba kaya 15. Ukiyatenga maduka na kumpa wakala wa pili, umemwua wa kwanza.

La pili ni sheria ndogo. Ada isiyo kwenye sheria ndogo iliyopitishwa na baraza la madiwani na kukamilisha taratibu za uidhinishaji ni hela ya kuombana. Mwananchi akikataa hakuna wa kumfanya kitu. Viwango vitajwe kwa makundi: kaya, duka, mgahawa, hoteli, kiwanda, kituo cha afya. Taka hatarishi za zahanati zitolewe kabisa kwenye mkataba huu, kwa sababu sindano na bandeji zina utaratibu wake wa kuteketeza, na mpakiaji asiye na glavu ndiye atakayechomwa.

La tatu ni nani anafuatilia wadaiwa. Wakala hana mamlaka ya kumfikisha mtu mahakamani kwa kosa la sheria ndogo. Halmashauri ndiyo yenye mamlaka hayo. Mkataba useme kila tarehe fulani wakala anapeleka orodha ya wadaiwa kwa mtendaji wa mtaa, na mtendaji ana siku kadhaa za kutoa notisi. Bila kifungu hicho wakala atatafuta vijana wa kugonga milango usiku, na lawama zitamfuata mwenyekiti wa mtaa.

Kuhusu risiti usifanye mzaha. Kitabu cha risiti cha karatasi kilichochapishwa mtaani hakikubaliki. Fedha zinazokusanywa kwa niaba ya halmashauri zipite kwenye mashine ya kukusanyia mapato au namba ya malipo ya serikali, na zionekane kwenye mfumo wa mapato. Kama mkataba unasema ada ni ya wakala mwenyewe, liandikwe waziwazi, maana mkaguzi atauliza swali hilohilo: hela hii ni ya nani?

Mkandarasi anayelipwa na halmashauri

Huku halmashauri inakusanya ada yenyewe, au inatumia mapato mengine ya ndani, na inamlipa mkandarasi kwa kazi aliyofanya. Hasara ya kaya isiyolipa inabaki ofisini, na ndiyo sababu gari linaweza kutumwa hata kwenye mtaa ambao haujalipa senti. Kwa dampo la mbali wakala anayetegemea ada za kaya hawezi kujiendesha, hesabu ya juu imeshaonyesha. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko zaidi ya kilomita 30 kutoka kata za kaskazini mwa Dar es Salaam kama Bunju, na gari linalokutana na foleni ya njia hiyo mara mbili kwa siku limeshamaliza siku.

Ugumu wote uko kwenye kipimo cha malipo. Vipo vitatu, na kila kimoja kina wizi wake.

Ukilipa kwa tripu, mkandarasi anapata hamu ya kwenda dampo na gari nusu. Turubai linafunikwa vizuri, karani wa getini anahesabu gari, si ujazo. Ubaya zaidi ni tripu hewa, ile ya kwenye karatasi tu. Dawa yake ni karatasi yenye nakala tatu: msimamizi wa kata anasaini gari linapotoka, karani wa dampo anasaini linapoingia, na afisa afya anaoanisha kila Ijumaa. Anayesaini asiwe anayeandaa malipo.

Ukilipa kwa tani unahitaji mizani inayofanya kazi na iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Pima gari likiwa na mzigo, kisha lipime likiwa tupu siku hiyohiyo. Ukitumia uzito mtupu uliorekodiwa mwaka jana unakaribisha ujanja: tangi la mafuta likijaa, matairi ya akiba na mchanga uliobaki chini ya bodi vinakuwa taka unazozilipia. Malipo ya tani yana ugonjwa mwingine. Mkandarasi atapenda mchanga wa mtaroni na kifusi, kwa kuwa ni vizito na havina harufu, ataacha mifuko ya nailoni. Mkataba ukataze kifusi, na karani aone bodi likimwagwa.

Ukilipa kiasi kilekile kila mwezi kwa eneo, hesabu inakuwa nyepesi na mkandarasi anaweza kupanga mambo yake. Lakini lazima uwe na orodha ya ukaguzi. Chagua vituo 20 vya kudumu katika kata, kila kimoja na alama zake: ghuba la kukusanyia taka liko tupu au limejaa, mtaro safi au umeziba, gari limepita siku iliyopangwa au halikupita. Afisa anavizungukia mara mbili kwa wiki bila kutoa taarifa, na makato yanafuata jedwali lililo ndani ya mkataba. Kwa halmashauri isiyo na mizani, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko tripu.

Halafu kuna ucheleweshaji wa malipo, unaoua mikataba mingi kuliko uvivu wa wakandarasi. Mafuta yananunuliwa kila asubuhi kwa hela taslimu. Mkandarasi akidai miezi mitatu kwenye kata yetu ya mfano, ameshatia zaidi ya sh milioni 21 kwenye tangi. Atakayeweza kuvumilia hapo ni mwenye biashara nyingine kubwa, au aliyeweka riba ya ucheleweshaji ndani ya bei tangu mwanzo. Kwa hiyo bei ya juu kwenye zabuni mara nyingi ni tabia yako ya kulipa inayokurudia. Ada ya taka iwe na kifungu chake cha bajeti, na kisiguswe kununua viti vya ukumbi.

Kikundi cha mtaa na gari la halmashauri

Njia ya tatu inaigawa kazi katikati. Kikundi kinazoa nyumba kwa nyumba kwa guta au pikipiki ya magurudumu matatu (toyo), kinapeleka kwenye ghuba au kontena la mtaa. Kutoka hapo kwenda dampo ni kazi ya gari la halmashauri au mkandarasi wa pili.

Vichochoro vya Manzese au Mabatini lori haliingii, na hapo hakuna ubishi: ni guta au hakuna kitu. Toyo moja hubeba kama nusu tani. Kwa tani 12 unahitaji tripu 24, na toyo ikipiga tripu 8 kwa siku, tatu zinatosha, ya nne iwe ya akiba kwa ajili ya siku cheni ikikatika. Vijana wa mtaa wanajua nani kahamia lini, nani ana duka la ndani asilolitangaza, na ada inalipika kwao kuliko kwa mtu anayeshuka na lori kutoka mbali.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imeendeleza sharti la kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalum: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Uzoaji wa awali ni kazi inayofaa kabisa fungu hilo. Kikundi kisajiliwe rasmi na kionekane kwenye NeST kama kundi maalum kabla ya tangazo, si baada ya hapo. Vikundi vingi hukosa kazi kwa sababu namba ya mlipakodi, akaunti ya benki na majina ya wanachama havilingani. Maafisa maendeleo ya jamii wafanye zoezi hilo miezi miwili kabla.

Njia hii hufia kwenye ghuba. Tani 12 za taka ni karibu mita za ujazo 34, yaani makontena matano ya mita 7 yanayojaa kila siku. Kontena moja linabeba tani mbili na nusu tu, kwa hiyo tripu za dampo zinakuwa 5 badala ya 4, na usidanganywe kwamba mafuta yatapungua. Faida iko kwenye muda. Gari halizunguki mitaani saa tatu likipiga honi. Linachukua kontena na kuondoka, na linaweza kupiga tripu 3 mahali ambapo lori la kuzunguka lingepiga 2. Lakini gari la kontena likilala gereji siku nne, makontena 20 yamemwagika barabarani, kikundi hakina pa kumwaga, na wananchi wanagoma kulipa kikundi kwa kosa ambalo si lake. Mkataba wa kikundi na wa usafirishaji visomane: ghuba lisipoondolewa ndani ya saa 24, kikundi hakikatwi, na msafirishaji ndiye anayekatwa.

Mtu atasema suluhisho ni magari ya kushindilia. Yanafaa miji yenye karatasi na maboksi mengi. Taka mbichi za jikoni zimeshajishindilia zenyewe, maji yanavuja njia nzima, na mchanga unakula silinda za haidroliki. Kwa bei ya gari moja la namna hiyo unapata malori ya kawaida kadhaa ambayo fundi yeyote wa mjini anayajua.

Kuna pia njia ya halmashauri kufanya yote kwa magari na watumishi wake. Inafaa mji mdogo wa kata mbili tatu, au kama akiba pale mkandarasi anapoanguka. Kwingine kote bajeti ya matengenezo huisha Machi.

| Hali yako | Inayofaa |
|---|---|
| Dampo karibu, maduka na baa nyingi, sheria ndogo ipo | Wakala anayetoza |
| Dampo mbali, kaya nyingi zisizolipa, una mapato ya ndani ya uhakika | Mkandarasi wa kulipwa kwa mwezi, au kwa tani kama mizani ipo |
| Vichochoro, wapangaji wengi, kuna eneo la ghuba | Kikundi na msafirishaji |
| Dampo mbali na mapato hayatoshi | Kikundi kitoze, halmashauri ilipie usafirishaji tu |

Mstari wa mwisho ndio unaozikuta halmashauri nyingi, na ndio unaokwepwa, kwa kuwa unataka mikataba miwili na mtu wa kuisimamia.

Ukishachagua, zabuni yenyewe

Kazi iwe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka kabla ya kutangazwa. Idara inayohitaji huduma ndiyo iandike maelezo ya kazi, si kitengo cha ununuzi kunakili ya mwaka juzi. Humo viwepo ramani ya mitaa, idadi ya kaya, umbali wa dampo kwa kilomita, siku za kuzoa kwa kila mtaa na makato. Mzabuni asiyejua umbali wa dampo atakisia bei, na kisio likiwa la chini utamtafuta mwezi wa pili.

Muda wa mkataba utazamwe kwa jicho la benki. Lori la mkopo wa miaka mitatu haliendani na mkataba wa mwaka mmoja. Mzabuni makini ataweka bei ya kumaliza mkopo wa lori ndani ya mwaka, na asiye makini ataleta gari bovu. Miaka mitatu yenye tathmini ya kila mwaka inavuta wazabuni bora.

Kwenye tathmini, kosa la kawaida ni kudai mzabuni amiliki malori sita kwa jina lake. Hapo umebakiza kampuni mbili mjini. Kubali mkataba wa kukodi, ila kagua kadi ya gari, namba ya usajili na gari lenyewe kwa macho. Lori moja hupenda kuonekana kwenye zabuni za mafungu matatu kwa wakati mmoja. Pangilia namba za magari za wazabuni wote kwenye karatasi moja na utaliona. Bei ya chini kupita kiasi nayo ipime kwa hesabu ya mafuta tuliyoanza nayo. Mzabuni aliyeomba sh milioni 6 kwa kata ambayo dizeli pekee ni milioni 7, mwandikie atoe mchanganuo. Akishindwa kuueleza, kamati ina sababu ya maandishi ya kumkataa, na sababu hiyo itasimama hata kama shauri litafika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Madiwani hawakai kwenye bodi ya zabuni. Sehemu yao ni sheria ndogo, bajeti na kuhoji utekelezaji kupitia kamati ya fedha. Diwani anayempigia mwenyekiti wa bodi kuuliza nani kapita anaharibu mchakato hata kama nia ni njema. Kitu anachoweza kudai kihalali ni nakala ya ratiba ya gari kwa kila mtaa, aibandike ofisi ya kata.

Notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani kumpa mshindi mkataba, inapotumwa, walioshindwa wana siku zilizotajwa humo za kulalamika. Usisaini kabla hazijaisha. Halmashauri iliyokimbilia kusaini kwa sababu taka zimejaa hujikuta na mkataba uliosimamishwa na taka zilezile.

Kifungu kinachosahaulika zaidi ni cha siku 60 za mwisho. Mkandarasi anayejua hatarudi huanza kuuza matairi mazuri mapema. Shikilia sehemu ya malipo hadi makabidhiano, taja kwamba daftari la kaya na wadaiwa ni mali ya halmashauri na linakabidhiwa likiwa kamili, na tangaza zabuni mpya miezi minne kabla ya mkataba kuisha.